Waifai Inayokamata Jumapili Tu

Songea,
6 Julai 2024

Shangazi yangu Ernesta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiota moto jikoni, maana naijua baridi ya Mbaga mwezi huu, haina adabu hata kidogo. Mimi ni mzima. Kazi yangu ya kutengeneza kompyuta pale hospitali inaendelea, na nimenenepa, lakini hilo utaliona mwenyewe, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Shangazi, nimepata mchumba. Anaitwa Victoria, ni mwalimu wa shule ya msingi kama ulivyokuwa wewe, na akicheka mtaa mzima unajua. Nilimtuma rafiki yangu Vitus awe mshenga kwa baba yake, Mzee Komba. Mzee alipokea barua ya posa, akaisoma mara mbili, akavua miwani, akasema: "Mshenga nimemwona. Sasa nataka kumwona aliyemlea huyu kijana, tuzungumze uso kwa uso. Bila hivyo sitoi binti." Ametupa Jumamosi ya tarehe 14 Desemba, saa nne asubuhi.

Najua tangu uteleze kwenye shamba la tangawizi, daktari amekukataza safari ndefu kwa ajili ya nyonga, na kuja Songea ni siku mbili za kukaa kwenye basi. Kwa hiyo nimembembeleza Mzee Komba akuone kwenye kompyuta. Amekubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba msikatikekatike, maana anasema hawezi kuozesha kwa mtu anayeonekana na kupotea.

Nimemtumia Iddi, yule fundi mwenye duka karibu na stendi ya Same, laptop yangu ya zamani pamoja na vifaa. Atapanda huko afunge antena juu ya paa, aielekeze kwenye mnara, kisha ashushe waya mpaka sebuleni kwenye kifaa cheupe kiitwacho ruta. Ruta ndiyo inayorusha waifai kwenda kwenye laptop. Ningekupigia simu nikueleze, lakini utasema tena kwamba ya kwenye simu hayarudiwi kusomwa.

Baba na mama wote wametangulia. Usiponisemea wewe, sina wa kunisemea.

Mwanao,
Loth

Mbaga,
28 Julai 2024

Mwanangu Loth,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako ililetwa na kondakta wa basi la Same, ikiwa imekaa mfukoni mwake mpaka inanuka dizeli. Nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nilimsomea paka. Nilipofika kwenye jina la Victoria nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, Eliakunda wa jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani naungua. Mwambie huyo binti kwamba mtu anayecheka kwa sauti tunamhitaji sana katika ukoo huu, maana marehemu baba yako Asheri alikuwa akicheka kama anayeomba ruhusa.

Huku ni wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike. Maharage yamekubali, mahindi yamesuasua. Nyonga inanikumbusha kila ninapoinuka, ila nimeizoea.

Iddi alikuja, akapanda juu ya paa, akafunga antena, akanywa chai vikombe vitatu. Siku nne za kwanza waifai ilikuwa nzuri ajabu. Nilisikiliza mahubiri, nikaangalia namna watu wanavyolima tangawizi nchi za mbali, nikagundua kwamba hawatuzidi kitu. Lakini tangu hapo inasumbua. Inakamata, inaachia. Ile alama iliyo kwenye kona ya kioo inabaki na kijistari kimoja, halafu hata hicho kinaondoka. Ila Jumapili inakamata vizuri kabisa, kuanzia ninapojiandaa kwenda kanisani mpaka ninaporudi na kubadili nguo. Labda laptop yako imebatizwa.

Niambie la kufanya. Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na minne, sitashindwa na kisanduku.

Shangazi yako,
Ernesta

Songea,
17 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Victoria anakusalimu, na anasema paka naye apewe salamu zake kwa kuwa ameshaijua posa.

Jumamosi iliyopita ulipofungua laptop ukatuona, ulikatika kidogo. Si neno. Lakini tuitengeneze mapema.

Kwanza, hakikisha laptop imechomekwa kwenye umeme. Ikitumia betri hubana matumizi, na waifai ndiyo huwa ya kwanza kupunjwa. Pili, nenda kwenye mipangilio, uiambie isahau mtandao wako, kisha uuchague upya na kuandika pasiwedi. Tatu, zima ruta, hesabu mpaka sitini, iwashe. Nne, angalia taa za ruta, uniandikie ni ngapi na za rangi gani. Tano, beba laptop usimame hatua mbili kutoka kwenye ruta, uone kama vile vijistari vinaongezeka.

La mwisho ndilo kubwa. Ruta inatakiwa ikae juu, mahali pa wazi, isizibwe na kitu. Kwako iko wapi?

Hilo la Jumapili limenisumbua kichwa. Nimewauliza wenzangu, wanasema huenda siku hiyo watu wachache hutumia mnara. Mimi sijaridhika.

Mwanao,
Loth

Mbaga,
8 Septemba 2024

Loth mwanangu,

Marahaba. Huku ni wazima, isipokuwa Mzee Sadock amepigwa teke na punda wake, na sasa anataka kumshitaki aliyemuuzia. Balozi wa nyumba kumi amemwambia kesi ya punda haijawahi kusikilizwa kwake, Sadock akajibu ndiyo maana ianze sasa. Unawajua Wapare wenzako.

Nimefanya yote kama mwanafunzi wa mtihani. Laptop nimeichomeka. Mtandao nimeusahaulisha na kuukumbusha. Ruta nimeizima nikahesabu mpaka sitini, kisha nikaendelea mpaka mia kwa usalama. Taa ni nne, zote za kijani. Niliposimama karibu na ruta kuzitazama hizo taa, vijistari vilijaa vyote. Nilipomaliza na kurudi mezani, vikaisha. Sijui meza ina nini.

Ruta iko mahali salama, usiwe na wasiwasi.

Majirani wanakusalimu. Wanakuja mara nyingi siku hizi. Eliakunda alileta viazi, akakaa saa mbili nje kwenye ngazi, simu mkononi. Nilimwambia kwamba waifai haikamati, na kweli ilikuwa haikamati.

Kitenge cha posa nimeshakinunua. Ni cha kijani chenye maua makubwa, ili huyo mzee wa Songea asiseme hakuniona.

Shangazi yako,
Ernesta

Songea,
5 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa ukali utakaouona humu, ni hofu tu.

Sikukuambia ukweli wa siku ile ya Agosti. Nilikuwa nyumbani kwa Mzee Komba. Nilitaka kumwonyesha mapema kwamba mambo yatakwenda vizuri. Ulitokea, ukasema "Shikamooni huko", kisha ukaganda na mdomo wazi dakika nne nzima. Mzee alikusogelea pale kwenye kioo, akakutazama, akaniuliza kwa upole, "Huyu mama amesinzia?" Halafu ukapotea. Victoria alicheka mpaka akatoka nje, lakini mzee hakucheka. Ameniambia tarehe 14 Desemba ndiyo mara ya mwisho. Ikikatika, anarudisha barua ya posa.

Majibu yako yanaonyesha antena ni nzima, laptop ni nzima, na ruta ni nzima. Ukiwa karibu inakamata, ukienda mezani inaachia, na meza yako haiko mbali hata kidogo. Kuna kitu kinazuia. Nimekuuliza kifaa kiko wapi, nawe umeniandikia kiko mahali salama. Salama ni wapi, Shangazi? Nimemwomba Iddi apande huko akaangalie kwa macho yake.

Nampenda Victoria. Sijawahi kukuandikia neno hili juu ya mtu yeyote.

Loth

Mbaga,
27 Oktoba 2024

Mwanangu mpendwa Loth,

Marahaba. Leo sina habari za ndama wala za punda. Nina la kuungama, na nimeshika kalamu tangu nilipotoka kanisani.

Iddi alikuja Alhamisi bila taarifa. Aliufuata ule waya kutoka dirishani, kando ya ukuta, nyuma ya kochi, mpaka chumbani kwangu, akaukuta umeingia kwenye tundu la sanduku langu la bati. Lile la chuo cha ualimu, lenye jina langu kwa rangi nyeupe. Alinitazama. Nami nikatazama dari. Akaniambia, "Mwalimu, fungua." Nikafungua. Ruta ilikuwa katikati ya vitenge, imepata joto, taa nne zinawaka. Simu ya Iddi ikalia palepale mfukoni mwake.

Akanieleza kwamba waifai haipenyi bati. Nikamwambia hilo nilikuwa nalijua, na ndiyo maana niliiweka humo. Nilichokuwa sijui ni kwamba nitaikosa na mimi. Nilidhani bati litawazuia walio nje tu, na mwenye nyumba ataachiwa.

Sikiliza ilivyoanza. Wiki ya kwanza Eliakunda aliniomba pasiwedi ili mwanawe aombe nafasi ya chuo. Nikampa. Ningemnyimaje mtu aliyekuja kunizima moto na ndoo ya maji? Kesho yake wakaja sita. Ijumaa walikuwa kumi na tisa, wamekaa kwenye matuta yangu ya kahawa, wengine kwenye ngazi, mmoja juu ya mpera. Bando ulilolipia la mwezi likaenda nusu kwa siku mbili. Nikawa nakosa hata nafasi ya kusikiliza mahubiri.

Kusema "sitaki" sikuweza. Wamenichotea maji miezi yote ile niliyolala na nyonga. Kusema uongo pia siwezi, mimi ni mzee wa kanisa. Basi nikaifungia sandukuni. Mtu akija namwambia haikamati, na anaweza kutazama simu yake akaona kwamba ni kweli. Sikusema uongo hata mara moja, Loth. Niliupanga ukweli tu. Na Jumapili nilikuwa naliacha sanduku wazi kwa kuwa natoa nguo, na majirani wote wako kanisani.

Nimeona haya kukuambia. Wewe huko unaulizwa kama nimesinzia, na kumbe ni uchoyo wangu. Nisamehe.

Shangazi yako,
Ernesta

Songea,
16 Novemba 2024

Shangazi yangu wa sanduku la bati,

Shikamoo! Barua yako niliisoma nikiwa kazini, nikacheka mpaka muuguzi akaniletea maji. Victoria ameniomba aihifadhi. Anasema sasa anataka kuolewa hata kama baba yake atakataa, mradi aje akuone.

Hakuna cha kusamehe. Wewe unajiita mchoyo, mimi namwona mtu aliyeshindwa kumkatalia jirani mpaka akajikatalia na yeye mwenyewe.

Sasa tufanye hivi. Toa ruta sandukuni. Iweke juu ya kabati la vyombo, wazi, wala usiifunike kitambaa. Kisha tuamue juu ya majirani. Watu ishirini wakitazama video kwa wakati mmoja, picha yako itaganda tena hata ruta ikae juu ya mnara wenyewe. Iddi anaweza kubadilisha pasiwedi, ni kazi ya dakika mbili, na usimpe mtu yeyote. Au uwaombe wakuachie saa moja tu siku ile. Mimi ningebadilisha. Ni salama zaidi.

Zimebaki wiki nne. Silali vizuri.

Mwanao,
Loth

Mbaga,
1 Desemba 2024

Loth mwanangu,

Marahaba. Mvua za vuli zimekolea, ukungu unaingia mpaka jikoni. Ruta iko juu ya kabati. Vijistari vimejaa mezani, jikoni, na hata nikikaa kwa ng'ombe.

Pasiwedi sikuibadilisha. Iddi alikuwa tayari, kidole kiko juu ya kitufe, nikamwambia aache. Wangeniuliza mpya, na mimi ningeanza tena kutafuta bati.

Leo baada ya matangazo kanisani nilisimama. Niliogopa kuliko siku niliyosimama mbele ya darasa mara ya kwanza. Nikasema yote: posa ya mtoto wa Asheri, mzee wa Songea, sanduku, na ule ukweli wangu niliokuwa naupanga. Nikawaomba saa moja tu, tarehe 14, simu zao ziache waifai yangu.

Eliakunda akasimama, akasema: "Mwalimu, la sanduku mbona tunalijua tangu Agosti? Mimi Jumapili nyingi, isipokuwa leo, hubaki nyumbani na mama mgonjwa. Kila ukifungua kutoa kitenge, simu yangu inalia. Ukifunga, inanyamaza. Tuliona ukiamua kusema utasema."

Kanisa zima liliangua kicheko, Mchungaji akavua miwani na kufuta machozi. Miezi minne mimi nawafichia na wao wananifichia kwamba wanajua. Nilitamani niingie mle sandukuni mwenyewe, lakini nilicheka pia, na nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Saa nne nitakuwa nimekaa. Mwambie huyo mzee avae miwani yake.

Shangazi yako,
Ernesta

Songea,
17 Desemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na tena shikamoo. Najua ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa upande ule wa kioo. Acha nikusimulie ilivyoonekana huku.

Tulikaa sebuleni kwa Mzee Komba tangu saa tatu na nusu. Mzee alivaa suti. Mimi jasho lilinitoka mpaka Vitus akanipa leso yake. Saa nne kamili ulitokea na kitenge chako cha kijani, na picha ilikuwa safi kiasi kwamba mama yake Victoria aliuliza bei ya kitambaa. Ulizungumza vizuri. Ulimweleza mzee nilivyokuwa mtoto, hata ile habari ya mimi kulia kwa sababu jogoo amechinjwa, ambayo ungeweza kuiacha. Dakika ishirini zilipita bila kuganda. Nilianza kupumua.

Kisha mzee akauliza lile swali. Sikukuambia, Shangazi, kwamba lilikuwa linakuja, wala kwamba mimi ndiye niliyelileta. Siku ya kwanza aliponiuliza habari za kwetu, nilimjibu sina watu, nina shangazi mmoja tu. Ndiyo maana alishikilia kukuona. Kwa hiyo alikuinamia pale kwenye kioo akasema, "Mama, nimekuelewa. Lakini nikimpa huyu kijana binti yangu, na wewe siku moja ukachoka, kuna nani mwingine?"

Ukasema, "Subiri, ndugu yangu." Ukainuka na fimbo yako, ukabeba laptop. Nikaona dari, nikaona mlango, nikaona mawingu. Nikajua ukitoka nje itakatika. Haikukatika. Kisha ukaigeuza, na uwanja wote ulikuwa umejaa watu.

Nilidhani wamekaa kwao. Kumbe walikuja na nguo za kanisani, simu zao zote zimerundikwa kwenye ungo juu ya kibaraza, zimezimwa. Eliakunda akaja mbele akasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha kukamua, na alimwaga ndoo mbili." Mzee Sadock akaja akichechemea: "Huyu aliachia mbuzi wakala migomba yangu. Nilimpeleka kwa balozi akiwa na miaka tisa. Akaja kupalilia wiki nzima, hakutumwa na mtu. Mpe binti, mzee, huyu hulipa makosa yake." Wakaja mmoja mmoja, kila mtu na neno lake. Yule aliyenipeleka Same mgongoni nikiwa na malaria. Yule aliyenishonea sare za shule. Mzee Komba alianza kuwahesabu kwa kidole, alipofika thelathini na kitu akaacha, akaegemea kiti, akacheka. Shangazi, kumbe Victoria amerithi kicheko kile kwa baba yake.

Alipomaliza kucheka akanigeukia. "Kijana," akasema, "uliniambia huna watu." Nililia mbele ya wakwe zangu, na sijuti. Ameipokea posa. Mahari itazungumzwa Pasaka, na anasema atapanda basi mwenyewe kuja huko, siku mbili au tatu, haidhuru.

Kazini tulijaza fomu nilipoajiriwa, mahali pa kuandika ndugu wa karibu. Miaka yote hii limekaa jina lako peke yake. Jana nimemwomba karani fomu mpya. Nimeanza na wewe, nikafuata na Eliakunda, na Sadock, na wengine, mpaka nafasi ikaisha nikageuza karatasi.

Wasalimu wote kwa majina yao.

Mwanao,
Loth